Pweza wa Kulowekwa

Pweza akilazwa usiku kucha kwenye ndoo ya maji baridi, asubuhi huamka mzito. Hajala, hajakua, hajaongeza chembe ya nyama. Amekunywa maji, basi. Wachokoaji, wale wanaowatoa pweza miambani, wanaijua hila hiyo na sisi wanunuzi tunaijua. Ndiyo maana mnunuzi mwenye kazi yake hatangulizi mizani, hutanguliza kidole. Pweza wa kweli ukimbonyeza anakurudishia, ngozi yake inakwaruza kidogo na rangi imemshika. Aliyelowekwa ni tepetepe, amepauka, na ukimwinua anachuruzika kama nguo ambayo haikukamuliwa. Huyo, mnunuzi humrudishia mwenyewe, au humkata bei nusu mbele za watu, ili na wengine waone.

Nimeifanya kazi hiyo Utende, kisiwani Mafia, kwa zaidi ya miaka 20, na kidole ninacho hiki hiki. Kwa hiyo ninapoeleza nilichomfanyia kijana mmoja wa timu yangu mwaka 2021, sina pa kujifichia kwenye ujinga. Uzito wa bandia naujua. Nilimloweka mtoto wa watu, nikamtundika kwenye mizani, nikashangilia.

Jina lake sitalitaja. Ameniruhusu niandike kwa sharti hilo moja tu, na ningekuwa yeye ningeweka masharti kumi. Nitamwita Kijana.

Alikuwa winga wa kulia, mwepesi kama kishada. Timu yetu ni ya mchangani hasa, maana uwanja wenyewe ni mchanga, na upande mmoja mpira ukitoka unaufuata chini ya minazi. Nimemfundisha tangu hajafika kiunoni mwangu. Alimaliza kidato cha sita mwaka 2020, ule mwaka wa korona ambapo shule zilifungwa Machi na wao wakarudishwa Juni wafanye mtihani wao. Akapata nafasi ya chuo bara. Julai mwaka uliofuata akarudi likizo, akaja kunisalimu barazani, na baada ya shikamoo akakaa kimya muda mrefu. Nikajua ana neno.

Kocha wa timu ya chuo alikuwa amemwambia hivi: ufundi unao, mwili huna. Kambi itaanza Septemba, kabla ya masomo. Rudi na kilo kumi zaidi, au tafuta kitu kingine cha kufanya jioni.

Akatoa simu akanionyesha picha. Kulikuwa na Leon Goretzka, kiungo wa Bayern Munich, yule aliyeingia kwenye mapumziko ya korona akiwa mtu wa kawaida na akatoka na mikono kama ya wapakuzi wa jahazi. Kulikuwa pia na vijana wa vyuo vya Marekani, wale wanaocheza mpira wa miguu kwa mikono, na kofia ngumu kichwani. Picha ya kwanza kijana amefika chuoni, ya pili ni yeye huyo huyo baada ya mwaka, shingo imepotea. Sikujua, na sikuuliza, kwamba nyuma ya picha kama hizo kuna wapishi, chumba cha vyuma vya kunyanyua na madaktari, na kwamba hata huko wapo wanaonenepa wakadhani wamepata nguvu. Mimi niliona kabla na baada. Mtu wa mizani huona hayo mawili tu.

Sasa niseme kwa nini sikumwambia ale vizuri na awe na subira. Sababu ya kwanza ni mimi mwenyewe. Nilipokuwa na umri wake nilivuka bahari kwenda kujaribiwa na timu moja, nikacheza dakika 20, nikaitwa pembeni na kuambiwa nirudi nyumbani nikale. Watu walicheka. Neno hilo limekaa kifuani kwangu mpaka mvi zimenitoka. Kijana aliponieleza ya kocha wake sikumsikia yeye, nilijisikia mimi.

Sababu ya pili ni fedha, na hiyo ndiyo niliyoificha kwa muda mrefu kuliko zote. Januari 2020 Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, alihama Genk ya Ubelgiji akaingia Aston Villa ya Uingereza, na Machi mosi akafunga bao Wembley kwenye fainali dhidi ya Manchester City. Tangu siku hiyo kila kocha wa mchangani ukanda huu wa Pwani alianza kumtafuta Samatta wake. Mimi nilidhani nimempata wangu. Kwenye daftari langu la pweza, ukurasa wa mwisho, nilimwandikisha Kijana kwamba akisajiliwa popote nitapata asilimia 10. Alitia sahihi bila kusoma. Sikuwa nimeandika vibaya, nilikuwa nimeandika vidogo.

Nikaenda Dar es Salaam kwa shughuli zangu za mzigo. Kwenye duka moja nikaeleza shida yangu kwa sauti ya chini, kama mtu anayenunua hirizi. Muuzaji hakushangaa hata kidogo. Biashara hiyo ni ya zamani: wasichana wanaokaribia harusi, wanawake wanaotaka makalio, vijana walioambiwa wamekondeana mpaka mitaa ikaanza kuwanong'ona. Toka Kongo mpaka kwetu Pwani watu wanavimeza vidonge hivyo, na kila mji una jina lake la utani kwa ajili yao. Akateremsha makopo mawili. Moja aliita deksa, la pili sipro. Akahesabu kwa kijiko cha plastiki, akatia kwenye vifuko vya nailoni visivyo na maandishi. "Huyo kijana, kaka," akaniambia, "hata mwiko atautafuna."

Lakini mimi nilisoma makopo. Hilo ndilo linalonimaliza. Kopo la kwanza liliandikwa deksamethasoni, na jina hilo nilikuwa nimelisikia redioni Juni 2020, pale watafiti wa Oxford waliposema linaokoa wagonjwa mahututi wa korona. Nikajiambia: dawa iliyowainua watu waliokuwa wakipumua kwa mashine, itamdhuru vipi kijana mwenye afya? La pili liliandikwa siproheptadini, dawa ya mzio, ambayo ina tabia ya kuleta usingizi na kufungua tumbo la njaa. Mtu akiitaka hoja haikosekani. Hata Messi nilimtumia. Nilimwambia Kijana kwamba Messi alidungwa sindano za ukuaji akiwa mtoto na Barcelona ndiyo iliyolipa, angalia alipofika. Ni kweli alidungwa. Sikumwambia, kwa kuwa haikunifaa, kwamba Messi alikuwa mgonjwa aliyepimwa, mwili wake ulikuwa hautoi homoni ya kutosha, na aliyemwandikia sindano alikuwa daktari. Kijana alikuwa na mnunuzi wa pweza.

Deksa nne kwa siku, sipro mbili. Alimeza mbele yangu siku ya kwanza, kwa dafu.

Mizani yangu ni ya kutundika, uso wake wa duara kama saa, mwisho wake kilo 100. Inaning'inia kwenye boriti ya banda, pembeni ya deli la barafu. Chini ya ndoano nilifunga kipande cha nondo. Kijana alishika nondo kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia, na mshale ukatetemeka mpaka ukatulia. Kilo 58. Nikaandika kwenye daftari, upande wa nyuma, maana upande wa mbele ni wa pweza. Tukakubaliana kila bamvua nitampima. Bamvua ndiyo saa yetu: maji yakijitenga, miamba ikaonekana, wachokoaji wakateremka na vyuma vyao, banda langu linajaa. Baada ya pweza wa mwisho kupimwa, zamu ya Kijana.

Bamvua ya kwanza, 62. Ya pili, 65 na nusu. Ya tatu, 69. Ya nne, 71.

Kilo 13 ndani ya wiki nane. Leo najua, maana nimeuliza wanaojua, kwamba kijana anayeanza mazoezi mazito na kula vizuri hupata nyama ya kweli kiasi cha kilo moja kwa mwezi, na akibahatika mbili. Hesabu hiyo haikuhitaji chuo. Sheria yenyewe inanikataza kununua pweza wa chini ya nusu kilo, lazima aachwe akue. Wenzetu wa Jibondo wamewahi kuifunga miamba yao miezi mitatu mizima, hakuna kuchokoa, na siku ya kufungua pweza wakatoka wakubwa wa kushika kwa mikono miwili. Nilikuwa miongoni mwa waliosifu subira ile. Nilinunua matunda yake.

Nyumbani kwao ilikuwa sherehe. Mama yake ni mchokoaji, anamenyana na mwamba tangu ujana wake, na baba yupo dago, kambi ya uvuvi, Kilwa sehemu kubwa ya mwaka. Mama ndiye aliyekuwa akihangaika na sinia. Kijana alikula wali wa watu watatu, akafuatisha mihogo ya nazi, akaamka saa nane usiku akaparuza ukoko. Mama alikopa unga dukani akacheka. Uso wa mtoto ulijaa, ukawa duara, ukang'aa. Majirani wakasema amenawiri, chuo kimemkubali. Bibi mmoja alimshika mashavu akasema mtoto huyu uso wake kama mwezi wa kumi na nne. Kwetu hakuna sifa inayoipita hiyo. Ajabu ni kwamba madaktari nao wanauita uso wa aina ile uso wa mwezi, ila wao hawasifu.

Mama alinishukuru. Mara mbili aliniletea boko boko kwenye bakuli la udongo, limefunikwa kwa kawa, kwa sababu kocha anamsaidia mwanawe. Nilikula. Niliwarudishia bakuli limeoshwa.

Inanibidi niseme na hili, ingawa ni la miezi kadhaa nyuma. Mama huyu huyu, mwaka ule ule, aliwahi kuleta pweza watatu na mmoja akanitelezea kidoleni. Nilimtangaza. Nilisema kwa sauti kwamba hapa hatununui kisima, nikamkata bei, banda zima likaangua kicheko. Alisema pweza yule si wake, amepewa na shoga yake amuuzie. Sikumsikiliza. Baadaye nikaja kujua alisema kweli. Sikumwomba radhi, nikaona yamepita.

Dalili zilikuwepo, tena mbele ya macho. Bamvua ya tatu nilimtuma Kijana aangushe madafu. Mnazi ule una vidato vilivyochongwa tangu enzi za mwenye shamba wa kwanza, na yeye alizoea kuupanda kama anayekwenda sokoni. Safari hii alipanda, akasimama, miguu ikaanza kumtetemeka, akashuka. Tukamtania: msomi wa kidato cha sita ameshindwa na kidato cha sita cha mnazi. Alicheka nasi, lakini nilimwona anajipapasa mapaja. Uwanjani kasi ilikuwa imemkimbia. Alikuwa akikaa chini kufunga kamba za viatu, anainuka kwa kujisukuma na mikono juu ya magoti, kama mzee anayetoka kwenye mkeka wa hitima. Nikamwambia ni uzito mpya, mwili utauzoea. Akaacha kuvua fulana. Joto lile la Mafia, sote vifua wazi, yeye na fulana mpaka majini. Nikadhani ameanza ustaarabu wa chuoni. Sikujua kwamba chini yake tumbo na makwapa vilikuwa na michirizi ya zambarau, mipana, ngozi ilivyokuwa ikipasuka kwa haraka.

Na kidole? Ndiyo, nilimbonyeza. Bamvua ya nne, mshale uliposimama kwenye 71, nilimpiga bega kwa furaha na dole gumba likazama. Palikuwa laini. Niliihisi tepetepe ile kwa kidole kile kile, na kwa nukta moja mwili wangu ulijua. Kisha nikafunga daftari.

Vidonge viliisha siku nne kabla ya safari. Nikamwambia yatosha, kazi imekwisha, asitafute vingine. Niliona naonyesha busara.

Tulipanda boti Kilindoni asubuhi, mimi nikimsindikiza mpaka Nyamisati nimpakie gari. Kusi lilikuwa bado halijaondoka, boti inapanda na kushuka, abiria wengi wamejiinamia na mifuko yao ya plastiki. Kijana naye akaanza kutapika. Hakuna aliyeshangaa, na mimi nikajilazimisha nisishangae. Huyu ni mtoto aliyeanza kupanda ngalawa kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Bahari haijawahi kumtapisha. Nilikaa naye safari nzima nikimpa ndimu anuse.

Nyamisati watu wote waliokuwa wakitapika walishuka, wakanawa uso, wakaagiza chai. Yeye hakuinuka. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi na umelowa jasho. Vijana wa bandarini walinisaidia kumbeba, tukampeleka kwenye kituo cha matibabu. Walimpima malaria, hakuna. Presha 80 kwa 50. Sukari iko chini. Wakamtundikia maji na kutupeleka kwa gari hospitali kubwa zaidi.

Huko tulipokewa na daktari, binti wa rika la wanangu. Alimkagua uso, akainua fulana, akaitazama ile michirizi kwa muda. Akanigeukia.

"Baba, anatumia dawa gani?"

"Hakuna dokta. Huyu mwanamichezo."

"Hata za kienyeji? Za kunenepa? Niambie tu, sina ugomvi na mtu."

"Hakuna."

Kijana alikuwa macho. Alinitazama, kisha akatazama dari. Alikuwa na ulimi, angeweza kusema. Hakusema, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kocha akishazungumza mchezaji hanyanyui sauti. Presha yake ilikuwa inashuka na bado alikuwa ananitunzia heshima.

Daktari aliuliza mara ya tatu, nikakana mara ya tatu. Muda ulipita hapo, pengine robo saa, pengine zaidi. Nimejaribu kuufupisha kichwani mwangu na haufupiki. Nilikuwa nafikiri nini? Nilikuwa nafikiri mama yake atasikia. Nilikuwa nafikiri banda langu, jina langu, polisi. Sitawadanganya kwamba nilikuwa namfikiria mgonjwa.

Wala si toba iliyonifungua mdomo. Muuguzi aliomba namba ya simu ya ndugu wa karibu, nami namba zote naziandika kwenye daftari. Nikalitoa mfukoni, nikalifungua kwa nyuma, vidole vinatetemeka, likaanguka. Daktari ndiye aliyeliokota. Lilikuwa limefunguka kwenye ukurasa wa Kijana: 58, 62, 65½, 69, 71. Na juu yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa mtu wa hesabu, D4, S2.

Alisoma. Hakupandisha sauti. "D ni deksa?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Lini ameacha?" Nikamwambia. Akamwita muuguzi, sindano ya haidrokotisoni ikaingia kwenye mshipa dakika ile ile.

Usiku, Kijana alipokuwa amelala na presha imeanza kupanda, daktari alinieleza. Alieleza kwa upole ambao sikuustahili. Juu ya kila figo, alisema, kuna tezi ndogo inayotoa homoni ambayo bila hiyo mtu hawezi kuhimili homa wala jua kali wala safari ya bahari. Deksa inafanya kazi ya homoni hiyo, ila ina nguvu zaidi yake kama mara 25. Vidonge vinne vya nusu miligramu nilivyompa vilikuwa vinazidi mara mbili na ushee kile ambacho mwili hutengeneza wenyewe kwa siku. Mwili ukiona kazi imefanywa na mwingine, tezi inalala. Wiki nane imelala. Halafu siku moja mimi nikamwondoa kibarua bila kumwamsha mwenye kazi, nikamtia kijana kwenye boti.

"Na zile kilo?" nikamuuliza. Bado nilikuwa nataka kujua zile kilo.

"Mafuta, baba. Usoni, tumboni, mgongoni. Na maji kiasi. Nyama hakuna iliyoongezeka. Dawa hii inakula nyama, na inaanzia kwenye mapaja na mabega."

Nilimtazama Kijana kitandani. Yale mapaja ya winga.

Daktari akaongeza kwamba dawa hiyo ikinywewa kwa mdomo imo kwenye orodha ya zilizokatazwa wakati wa mashindano, kwa hiyo hata kama mwili wake ungestahimili, kikombe kimoja cha mkojo kingetosha kumwondoa. Nilikuwa nimempeleka mahali ambapo pande zote mbili ni shimo. Akaniuliza kwetu tunakula nini. Nikataja samaki, dagaa mchele, pweza, choroko, nazi. Akaniangalia kama mtu aliyesikia kichekesho ambacho msimuliaji hajakielewa. "Mna pweza," akasema, "na mlinunua vidonge?" Ni kweli. Pweza wote wazuri nilikuwa nawapakia barafu kwenda kiwandani, na kijana niliyetaka apate misuli alikuwa anajaza tumbo kwa wali na mihogo.

Kijana alirudishiwa vidonge kwa kipimo cha daktari, akapunguziwa kidogo kidogo kwa miezi, mpaka tezi zikaamka. Kambi ilianza na kwisha bila yeye. Uso ulirudi kuwa wake. Michirizi imebaki, imegeuka myeupe. Mwaka uliofuata alipima kilo 63, kwenye mizani ya hospitali, si yangu. Anasoma, na jioni anacheza na watoto wa mtaa wa huko aliko. Ukurasa wa asilimia 10 niliuchana nikampa. Aliusoma, safari hii taratibu mpaka mwisho, akaukunja na kuutia mfukoni. Sijui anautunza kwa nini na sina haki ya kuuliza.

Mama yake nilimfuata mwenyewe. Nilitaka nimwambie kabla hajasikia, na hapo angalau sikusubiri daftari lianguke. Tulikaa barazani kwake. Nilieleza yote, vidonge, uongo wa hospitali, asilimia. Alikuwa anasuka ukili, na vidole havikusimama mpaka nilipofika kwenye ile robo saa ya kukana. Vikasimama. Nilingoja matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Nilikuwa nakuletea boko boko," akasema.

Kisha akaendelea kusuka. Nikakaa mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, nikaondoka.

Hakuleta pweza kwangu bamvua ile, wala iliyofuata. Alikuwa akipita mbele ya banda na kapu lake kichwani, anakwenda kwa mnunuzi mwingine mbali zaidi, anaitikia salamu yangu kama kawaida, maana kwetu salamu haikatwi. Bamvua tano zilipita hivyo. Ya sita alisimama mlangoni. Banda lilikuwa limejaa, watu wakanyamaza, kwani Utende hakuna siri ya kudumu. Alinyoosha mkono kapuni, akatoa pweza mmoja mkubwa, wa kahawia iliyokolea, mikono yake bado inajikunja.

Nilimpokea kwa haraka, nikataka kumtundika moja kwa moja kwenye ndoano ili niandike uzito na nimlipe bila ya maneno. Akanishika kifundo cha mkono.

"Kidole kwanza," akasema.